Umeme wa Majirani na Haki ya Jirani



Mwaka 1964 mtambo wa Hale, wilayani Korogwe, ulianza kugeuza maporomoko ya Mto Pangani kuwa umeme, ukiwa na uwezo wa megawati 21. Mwaka 1995 ukafuatwa na mtambo mpya wa Pangani Falls, wa megawati 68, chini zaidi ya mto huohuo. Kwa miaka mingi nyaya kubwa zilipita juu ya mashamba kwenda mijini, na chini yake watoto wakasoma kwa kibatari. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika vijiji vingi, nasi twashukuru. Lakini nguzo kufika kijijini si sawa na taa kuwaka katika kila nyumba.

Wakati huohuo, katika Handeni na Korogwe, paneli za jua zimepanda juu ya mabati. Tutazame nyumba moja ya namna hiyo. Betri yaweza kujaa kabla ya alasiri, na jua linalobaki likapotea bure. Hatua chache kutoka hapo, mama mjane ananunua mafuta ya taa, na kulipia kuchaji simu dukani. Ziada iko na haja iko. Kinachokosekana ni mapatano.

Mapatano hayo yanawezekana. Nchini Bangladesh, kampuni ya SOLshare imeunganisha nyumba zenye paneli na zisizo nazo, kwa mita zinazopima nani ametoa na nani ametumia. Huko Mawengi, wilayani Ludewa, mtambo wa maji uliojengwa kwa ushirikiano wa Jimbo la Njombe na shirika la ACRA la Italia uliwekwa chini ya chama cha watumiaji wenyewe, LUMAMA. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, walijenga mtambo wa Tulila, ulioanza mwaka 2015 kuiuzia TANESCO umeme. Nasi hapa Korogwe, kijiji cha Mpale, juu milimani Usambara, kilijengewa na kampuni ya Ensol mtambo wa jua wenye gridi yake ndogo.

Hata hivyo, hatuna budi kuonya. Umeme unaogawiwa bila utaratibu waweza kuzaa unyonge mpya, kwa maana anayeshika swichi anashika usiku wa jirani yake. Leo atamzimia kwa deni, kesho kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, keshokutwa kwa kura aliyopiga. Hapo msaada umekwisha kuwa utawala.

Kwa sababu hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, pawe na mita kwa kila nyumba, ili hesabu isitegemee neno la mwenye paneli. Pili, bei ipangwe mkutanoni, mbele ya wote, ikilipia betri itakayochakaa na fundi atakayeitwa, wala isizidi hapo kwa kuwa jirani hana pa kwenda. Tatu, nyaya zifungwe na fundi anayejua kazi: umeme wa volti 12 hufifia waya ukiwa mrefu, na waya wa kuungaunga huchoma nyumba. Nne, kikundi kiandikishwe. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haiwadai leseni wazalishaji wasiofikia megawati 1, ila yawataka wajulikane kwa EWURA. Nazo kanuni za mwaka 2018 zinamruhusu mteja wa gridi ya taifa kuingiza humo ziada ya umeme wake na kuhesabiwa.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, fungu la 179, anavitaja vyama vya ushirika vinavyozalisha nishati jadidifu kwa mahitaji ya mahali pao, na hata kuuza ziada. Basi tusidhani kuwa jambo hili ni la mafundi peke yao.

Twaziomba jumuiya ndogo ndogo zianze na hesabu rahisi: katika jumuiya yetu, ni nyumba ngapi zina ziada ya mchana, na ni ngapi hulala gizani? Majibu yaletwe kwenye halmashauri ya walei. Tukiisha kuwajua wanaolala gizani kwa majina yao, hatutakuwa na udhuru wa kuwaacha humo.