Shahada na Darasa la Kwanza

Wako wasomi waaminio kuwa shahada ya chuo kikuu hupotea ikipelekwa katika darasa la kwanza. Kwa maoni yao, mwenye elimu kubwa astahili kufundisha wakubwa, na mtoto wa miaka sita hutoshewa na yeyote ajuaye kusoma na kuandika. Rai hii ni kongwe, ina wafuasi wengi, na ni potofu.

Huko Uingereza, mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, iwe ya historia au ya kemia, aweza kusomea ualimu wa shule ya msingi kwa mwaka mmoja katika kozi ya uzamili iitwayo PGCE, na siku zisizopungua 120 huwa shuleni, mbele ya watoto. Finland imekwenda mbali zaidi: tangu 1979 mwalimu wa darasa hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Tanzania kwa miaka mingi ilimtayarisha mwalimu wa msingi kwa cheti cha miaka miwili baada ya kidato cha nne; na baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kufundisha huku wakijifunza kazi. Vijana hao wasidharauliwe, kwani walibeba mzigo ambao wasomi waliukimbia. Stashahada ya uzamili ya ualimu ipo nchini, ila macho ya waisomayo yaelekea sekondari.

Atazamwe mtoto aandikaye "nataka kura", naye ana njaa wala hana haja na uchaguzi. Mwalimu asiyejua isimu humcheka au humchapa. Mwenye shahada ya Kiswahili amekwisha kusoma kuwa lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi r na l. Basi ajua kuwa sikio la mtoto halijapambanua sauti mbili, na kwamba zoezi la kusikia latangulia zoezi la kuandika. Huyo huyo ajua kwa nini ng'ombe huandikwa kwa alama ambayo ngoma haina. Maarifa hayo hutumiwa kujibu mtihani wa chuo, kisha huachwa yaote kutu. Ni wapi yahitajiwapo zaidi kuliko pale mtoto akutanapo na herufi mara ya kwanza?

Husemwa kuwa shahada haimfundishi mtu kuketi na watoto sitini. Ni kweli. Tena mwaka mmoja ni mfupi, maana yule mwanakemia wa Uingereza atafundisha kusoma, hesabu, historia na michezo, yote kwa darasa moja. Lakini hoja hiyo yadai mafunzo marefu zaidi. Haidai msomi afungiwe mlango. Hoja ya mshahara nayo ina uzito, ila mara nyingi hutangulizwa ili kuificha ile ya fahari: msomi huona haya kuitwa mwalimu wa msingi.

Njia hiyo ikifunguliwa, nusu ya muda na itumike ndani ya darasa la kwanza, chini ya mwalimu wa cheti aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka ishirini. Msomi akae nyuma, atazame jinsi mama huyo anyamazishavyo watoto bila fimbo, na jinsi amtambuavyo mtoto asiyeuona ubao vizuri. Na ripoti ya kufaulu kwake iandikwe na mwalimu huyo, si na mhadhiri peke yake.