Mbwa Wako Hacheki, Anaomba Kutoka

Hii itawakera wapiga picha kadhaa, na wengine ni marafiki zangu, lakini acha niseme. Zile picha za studio mnazotuwekea kila Desemba, familia nzima imevaa pajama za kufanana na mbwa amevalishwa kofia nyekundu, ulimi nje, nyingi ni picha za mnyama aliyejaa hofu. Na sisi huku chini tunaandika, "Aki, ona vile anacheka!"

Najua kwa sababu mojawapo ilikuwa yangu.

Desemba iliyopita tulimpeleka Simba studio moja hapa Nairobi, orofa ya tatu. Shilingi 4,500, dakika 20, picha 10. Sasa mjue Simba ni mbwa wa geti. Kwenye lango letu kuna kibao kimeandikwa MBWA KALI, na kazi yake tangu akiwa mdogo ni kubwekea mtu asiyemjua. Mchana anafungiwa, usiku anafunguliwa. Alikuwa hajawahi kukanyaga taili. Huyo ndiye tulimpandisha ngazi, tukamsimamisha kwenye karatasi nyeupe inayoteleza, katikati ya taa zinazopasua macho, halafu jamaa asiyemjua akamwinamia na lenzi kubwa kama jicho. Kwa mbwa, kukodolewa macho hivyo na mgeni ni vitisho. Kisha tukamleta mpwa wangu wa miaka minne, tukamwambia amkumbatie Simba shingoni.

Simba akapiga miayo. Tukacheka, ati ana usingizi. Akaanza kulamba pua na hakuna chakula karibu. Akageuza kichwa kando lakini jicho likabaki linatuangalia, mpaka weupe wake ukaonekana. Akahema, ulimi nje, na chumba kilikuwa na baridi. Mpiga picha aliupenda sana huo ulimi. Simba aliponguruma akaambiwa "Nyamaza!" na msaidizi akamvuta kwa mkanda wa shingo. Sekunde chache baadaye meno yakagongana hewani, inchi mbili hivi kutoka shavu la mtoto.

"Mbwa yenu haina adabu," tukaambiwa.

Na mimi nikaomba msamaha! Hiyo ndiyo huniuma hadi leo. Dada yangu alimbeba mtoto wake njia nzima hadi nyumbani bila kusema neno.

Hebu hesabu pamoja nami. Miayo, kulamba pua, kugeuza kichwa, jicho jeupe, kuhema bila joto, kunguruma. Simba alituomba mara sita. Hii si siri ya wataalamu wachache. Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa kutoka Norway, aliandika kitabu kizima kuhusu ishara kama hizo. Mtu anayelipwa kupiga picha za mbwa na hazijui ni kama dereva asiyejua rangi za taa za barabarani. Atafika, lakini siku moja atagonga mtu.

Na kumkaripia mbwa kwa sababu amenguruma ni hatari tupu. Hofu haitoki. Anachojifunza ni kwamba kunguruma kunamletea shida, basi siku nyingine anaruka hatua hiyo na kuuma bila kutoa taarifa. Halafu mnashangaa, "Hajawahi kuwa hivyo, alibadilika tu ghafla." Alibadilika wapi? Nyinyi ndio mlimfundisha kunyamaza.

Shida kubwa hapa ni saa. Studio inauza dakika 20, na mbwa wa kawaida anahitaji zote hizo kunusa chumba tu, kwa sababu pua ndiyo inamwambia yuko wapi na nani alipita hapo. Hata binadamu akija kwako unampa kiti na chai kabla ya kumuuliza shida iliyomleta. Mbwa ndiye mgeni tunayemvuta kwa kamba moja kwa moja hadi mbele ya kamera.

Kwa hivyo wapiga picha, badilisheni biashara. Uzeni saa moja, na nusu yake ya kwanza kamera ikae kwenye begi. Mwambieni mteja amtembeze mbwa na amalize haja zake nje kabla ya kupanda. Aje na gunia au blanketi analolalia nyumbani, litandikwe juu ya hiyo karatasi, miguu ipate pa kushika na pua ipate harufu inayoijua. Zimeni mlio wa kamera na wa taa, maana mbwa husikia sauti nyembamba ambazo masikio yetu hayafiki. Anzeni na taa zinazowaka bila kumulika ghafla. Kaeni chini sakafuni, kwa upande, mtumie lenzi ya kuvuta kutoka mbali badala ya kumsongea usoni. Vipande vidogo vya maini ya kuchemsha vitafanya kazi ambayo kelele na makofi havitafanya. Mtoto akae kando yake na mtu mzima karibu, asimkumbatie. Baada ya kila dakika chache mwacheni apumzike, na akielekea mlangoni, fungueni mlango.

Ndiyo, nawasikia. "Kodi ya studio ni ghali, nani atalipia nusu saa ya kukaa bure?" Mimi nitalipia. Wekeni kwenye bei na mtuambie ni ya nini. Bei nafuu inayolipiwa na woga wa mnyama na uso wa mtoto si nafuu.

Wengine mtasema, "Lakini kuna mbwa wanatulia studio kama mamodo." Kweli kabisa. William Wegman wa Marekani amewapiga picha mbwa wake tangu miaka ya 1970, wamevaa nguo, wameketi juu ya viti, wametulia tuli. Lakini hao ni mbwa wake, anaishi nao, na studio wameizoea kama nyumbani. Wako umemleta mara moja, kwa haraka, kutoka getini.

Na wewe unayetaka kuniambia, "Watu wanalala njaa na unaongea habari ya mbwa," ulipotoa 4,500 ya picha ulikuwa umeshamaliza huo mjadala. Tena sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu hata kumtisha mnyama kikatili kuwa kosa. Sisemi mtu ashtakiwe kwa sababu ya kofia ya Krismasi. Nasema hata waliotunga sheria walijua hofu ni mateso, si vichekesho.

Mwezi wa tatu nilipata mpiga picha mwingine. Alikuja, akaketi chini, akapiga stori na mimi karibu nusu saa bila hata kumtazama Simba. Simba akamnusa viatu, akanusa begi, akala maini, akaenda zake, akarudi, akalala kwenye gunia lake. Ndipo kamera ikatoka. Tulipata picha tatu tu. Mdomo amefunga, masikio yamelegea, anaangalia kando kama soja aliyemaliza zamu. Hazikupata laiki nyingi, kwa sababu hakuna ulimi nje na hakuna kofia.

Dada yangu ameichapisha moja na kuitundika sebuleni. Ile ya Desemba niliifuta.

Desemba inakuja tena. Kabla hujalipa, uliza swali moja tu: "Mbwa wangu akikataa, itakuwaje?" Wakikujibu "Tutamshika," chukua mbwa wako mrudi nyumbani.