Filamu Wanaitazama, Sharhe Yake Hawaisikii



Kila Ramadhani inapokaribia husikika katika misikiti yetu ya Mwanza, tangu Kirumba hadi Igoma, karipio lile lile: watoto waache filamu. Aghalabu mwenye kukaripia hajatazama hata moja, na mtoto anayekaripiwa analijua hilo. Maneno yanaishia mlangoni, pale viatu vinapovaliwa.

Mimi nilifanya kinyume, na wapo watakaonilaumu. Mwanafunzi mmoja wa madrasa aliniuliza mbele ya wenzake: "Ustadhi, yupo kiumbe awezaye kuirudisha dunia nyuma?" Nilipomdadisi nikafahamu kuwa ameyaona hayo katika Superman, filamu iliyoongozwa na Richard Donner mwaka 1978. Shujaa wake anaizunguka dunia kwa kasi hadi inageuza mwendo, wakati unarudi, na mwanamke aliyekufa anakuwa hai.

Niliazima diski halisi, si zile za mtaani ambazo filamu nyingi zimebanwa ndani ya moja. Ndani yake mna njia ya pili ya sauti: Donner mwenyewe, pamoja na Tom Mankiewicz aliyemsaidia kuisuka upya hadithi, wanaizungumzia filamu huku picha ikiendelea. Maneno hayo yalitolewa katika diski za mwaka 2001. Sisi tuliosoma kwa matini na sharhe hatuhitaji kuelezwa zaidi. Picha ni matini, na ile ni sharhe iliyotoka kwa watunzi wenyewe.

Nilisikiliza kwa zaidi ya saa mbili, mdogo wangu anayesomesha Kiingereza akinifafanulia. Utisho wote ukayeyuka. Wale ni mafundi wawili wakikumbushana kazi. Kule kuruka angani ni nyaya na projekta, na aliyening'inizwa ni Christopher Reeve, mwigizaji ambaye mwaka 1995 alianguka kutoka juu ya farasi akapooza tangu shingoni, akabaki hivyo hadi alipofariki mwaka 2004. Simtaji kwa dhihaka. Mtihani wake aliukabili kwa ujasiri. Namtaja kwa sababu mtoto aliyeniuliza alikuwa hajui kwamba nyuma ya vazi lile palikuwa na mtu.

Kuna na la itikadi. Baba aliye mbali mbinguni anamtuma mwanawe wa pekee duniani awe mwokozi: Mankiewicz alikiri hadharani kuwa mfano huo waliukusudia. Hatuwalaumu, maana wameeleza imani inayojulikana katika jamii yao, wala hawakuificha. (Huyo baba aliigizwa na Marlon Brando, kwa malipo ya mamilioni ya dola, naye haonekani ila kwa dakika chache.) Wa kulaumiwa ni sisi, tunaosema "ni mchezo wa watoto tu" ilhali wenyewe wamesema si mchezo mtupu.

Amma vijana wetu, sauti wanayoisikia ni nyingine. Katika vibanda vya video wamelelewa na wasimulizi: Dar es Salaam alisifika Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, Uganda VJ Jingo, Kenya DJ Afro. Ni ufundi, siukatai. Lakini msimulizi kazi yake ni kuikoleza hadithi. Hatasimamisha picha aseme hapa pana waya. Mwenye kusema hivyo ni mwongozaji, na sauti yake ndiyo inayotupwa filamu inapobanwa ili diski itoshe.

Basi mtoto anabaki na sauti mbili: ya kibanda inayomshangilia shujaa, na ya mimbari isiyojua shujaa huyo kafanya nini. Laiti khatibu angeitazama, angekuta humo hoja ya Nabii Ibrahim (a.s.) na yule mfalme aliyedai kuhuisha na kufisha, akanyamazishwa kwa jua. Filamu ile inampa kiumbe yote mawili, uhai wa maiti na mwendo wa jua. Ni darsa gani la tauhidi lingepata mlango mpana kuliko huo?

Nililifanya darsa hilo kwa wanafunzi 11. Tulikuwa tukisimamisha picha, nawatafsiria maneno ya Donner, kisha wanauliza. Yule wa kwanza aliniomba nirudie mahali penye nyaya, mara tatu. Mzee mmoja wa kamati ya msikiti amenitaka nisirudie tena. Nimemwomba, kwa heshima zote, aje Jumamosi baada ya Alasiri akae nasi asikilize, ndipo anikataze.