Usitoe PIN, Sawa. Lakini Mnara Uko Wapi?

Kila tukifundisha usalama wa pesa kwa simu, tunaanza na somo ambalo mteja wetu anaweza kulisema hata ukimwamsha usiku wa manane: PIN ni yako peke yako. Usimpe ajenti, usimpe jirani, usimpe hata mtoto wako. Somo ni la kweli na hatuliondoi. Ila kuna sehemu za Kitui na Makueni ambako somo hilo likifika, linagonga mlima.

Fikiria nyanya anayeishi bondeni, nyuma ya vilima kama vya Mbooni au Kilungu. Mwanawe aliye Nairobi amemtumia pesa ya dawa. Nyumbani simu haishiki mtandao. Mtandao uko juu kileleni, na magoti yake hayapandi tena. Kwa hivyo anampa kijana wa boda boda simu, na PIN juu yake. Kijana anapanda, anatoa pesa kwa ajenti, anarudi na noti mkononi.

Huyo nyanya si kwamba hajasikia somo. Amelisikia vizuri sana. Lakini kati ya somo na dawa, angechagua nini?

Mara nyingi kijana ni mwaminifu na mambo yanaisha vizuri. Shida inakuja siku pesa isipofika yote. PIN iliyoingizwa ilikuwa sahihi, kwa hivyo kwenye rekodi inaonekana mwenye laini ndiye aliyetoa. Kudai inakuwa kazi ngumu, na kijijini watu wanabaki kutazamana vibaya.

Sokoni nako kuna mtego wake. Mkulima wa ndengu au maembe anauza, mnunuzi anasema ameshatuma, anaonyesha meseji kwenye simu yake mwenyewe. Simu ya mkulima iko kimya. Je, ni mtandao umechelewa, au hakuna kitu kilichotumwa? Lori linanguruma, watu wanangoja, naye anaona haya kuonekana mtu asiyeamini wenzake. Matapeli wanaijua haya hiyo, na wanaitumia.

Kwa nini hali iko hivi? Sababu ya kwanza ni ardhi yenyewe. Mawimbi ya simu hayapiti kwenye mlima kama maji kwenye mchanga. Mnara ukisimama upande huu wa kilima, upande wa pili unabaki gizani. Sababu ya pili ni hesabu. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilipata watu milioni 1.1 hivi. Makueni ni ndogo kwa mbali, lakini ilikuwa na watu 987,653. Boma moja hapa, lingine kule ng'ambo ya mto. Anayejenga mnara anapiga hesabu ya wateja, gharama ya barabara ya kufika kileleni na ya dizeli ya jenereta pale stima haijafika, halafu anapeleka mnara kwingine.

Hatuwalaumu kwa kupiga hesabu. Biashara ni biashara. Lakini ndiyo maana sheria ya 2009 iliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni za mawasiliano huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka ili maeneo yasiyovutia biashara nayo yapate huduma. Pesa hiyo ina kazi moja kubwa: kufika pale ambapo soko peke yake halifiki.

Sasa maoni yetu. Kwanza, tuache kuhesabu huduma kwa kata ndogo peke yake. Ukisema kata fulani imefikiwa kwa sababu kilele chake kinashika, umemwacha nyanya wa bondeni nje ya hesabu. Tupime pale watu wanapolipia: sokoni, dukani, zahanati, shuleni, mlangoni pa nyumba.

Pili, tusingoje intaneti ya kasi ndipo tuanze. Pesa kwa simu ilipozinduliwa nchini Machi 2007, ilifanya kazi kwenye kabambe, kwa menyu ya laini. Mpaka leo, mtandao wa kawaida wa 2G unatosha kutuma, kupokea na kuangalia salio. Mnara mdogo wa sola, unaotumiwa na kampuni kadhaa kwa pamoja, unaweza kutosha bonde zima. Jua Ukambani tunalo.

Ndiyo, mnara ukijengwa nasi tunafaidika, hatufichi. Lakini nyanya anafaidika zaidi: anaificha PIN yake bila kukosa dawa yake.

Kabla mnara haujafika, fanya haya:

Muuzaji, usitoe mzigo kwa meseji ya simu ya mtu mwingine. Ngoja salio lako lisome. Mtandao ukikataa, pokea keshi au sogea mahali unaposhika kabla ya kupakia.

Ukituma na simu ikanyamaza, usirudie hapo hapo. Angalia salio kwanza, usije ukalipa mara mbili.

Ukimtumia mzazi aliye bondeni, kubalianeni siku. Apange safari moja ya kwenda sokoni na atoe pesa mwenyewe. Kama hawezi kutembea, mnaweza kumtumia ndugu mnayemwamini kwenye laini ya huyo ndugu, naye apeleke keshi. PIN ya mzazi inabaki kwake.

Kama PIN imeshatoka, ibadilishe leo, si kesho.

Halafu kuna la pamoja. Kwenye baraza la chifu tunaongea maji, barabara na chakula cha msaada. Tuongeze mtandao kwenye ajenda. Andikeni mabonde kwa majina, duka gani halishiki, zahanati gani haishiki, mmpe MCA wenu na mpeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Bonde ambalo halijaandikwa popote ni rahisi kusahauliwa.

Sisi tutaendelea kusema usitoe PIN. Wenye kujenga minara nao wafanye somo hilo liwezekane.