Jiji kwa Tangazo

Karibu kila mkoa wa Tanzania una wanasiasa wanaodai mji wao upandishwe hadhi. Ukiwauliza sababu, wanakujibu: tukiwa jiji, wawekezaji watakuja. Imani hii inarudiwa kwenye vikao vya madiwani na majukwaa ya kampeni kama sala, na haina msingi.

Tanga ilitangazwa jiji mwaka 2005. Wakati huo viwanda vyake vingi vilikuwa vimekwisha kufa, na mkonge uliouinua mji huo ulikuwa umeporomoka zamani. Geti la kiwanda halifunguliwi na tangazo la serikali. Kahama, kwa upande wake, ilichangamka kabla haijawa manispaa mwaka 2021. Mpunga wa vijiji vya jirani unakobolewa pale, dhahabu iko karibu, na malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapo. Cheo kilikuja nyuma ya biashara.

Mtindo wa kuteua miji kutoka juu nao si mgeni. Mpango wa pili wa miaka mitano, 1969 hadi 1974, ulichagua miji tisa ya kuipunguzia Dar es Salaam mzigo, Morogoro, Mbeya, Tabora na Mtwara ikiwamo. Nia ilikuwa safi. Lakini Morogoro ilipata kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kulenga soko la Ulaya, huku uzalishaji wake ukibaki sehemu ndogo mno ya uwezo wake. Mfugaji wa Kilosa, mkoani humo humo, mwenye ngozi za kuuza, alifaidika nini? Dar es Salaam ikazidi kujaa: sensa ya 2022 ilihesabu mkoani humo watu zaidi ya milioni 5.3.

Kinachoupa mji wa ukubwa wa kati nguvu ni fedha zake wenyewe, na hapo ndipo waomba hadhi wanaponyamaza. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya kodi ya majengo ilitoka halmashauri ikaenda Mamlaka ya Mapato (TRA). Tangu 2021 mwenye nyumba anakatwa kodi hiyo akinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Ni rahisi kukusanya, nakubali. Ila halmashauri inayochimba mitaro na kuzoa taka za mtaa wake imegeuzwa mwombaji wa fedha zilizotoka kwenye mtaa huo huo. Ukiiita jiji, utakuwa umempa mwombaji joho.

Diwani anayetaka jiji aanze na hoja ya kurudishiwa kodi ya majengo, tena kwa maandishi. Akimaliza hiyo, adai soko la jumla na maghala karibu na wakulima. Suala la jina tutalizungumza siku nyingine.