KUPE WA VIYOYOZI

Ndugu wananchi wa Kilosa na Mikumi, joto letu limekuwa shamba la kupe! Kiyoyozi kikikohoa tu, fundi kutoka mjini anatangaza: "Kimekufa, nunua kipya!" Hakupima chumba, hakutazama paa, hakufungua hata chujio. Je, huyo ni fundi au dalali?

Tukatae! Tudai bei za maandishi kwa mafundi watatu. Tudai vyeti. Chuo cha VETA kipo hapa hapa Mikumi. Kwa nini tuwadharau vijana wetu? Tuulize gesi ya zamani itakwenda wapi: R-22 huharibu ozoni, na Itifaki ya Montreal ya 1987 inaipiga vita.

Asiyejibu, mlango ule pale. Apime kwanza, ndipo alipwe!