Ali angewaweza mabondia wa leo? Mama, tuulize na swali letu

Tunaendelea na mfululizo wetu wa kichwa cha mtoto. Leo tunapanda ulingoni, msikimbie.

Kwenye nyumba yenye mpenda ngumi ubishi huu hauishi: Muhammad Ali angepigana na hawa wa uzito wa juu wa sasa, angewaweza? Wengine wanasema hawa wa leo ni majitu, wangemmeza. Mimi nasema angewashinda wengi tu. Ila kuna swali la pili ambalo sebuleni haliulizwi, na hilo ndilo letu sisi tunaolea.

Tuanze na la kwanza. Ali alikuwa na urefu wa sentimita 191 hivi. Alipomnyang'anya Sonny Liston ubingwa mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alikuwa na kilo kama 95. Tyson Fury ana sentimita 206 na hupanda ulingoni akiwa na zaidi ya kilo 110. Ukitazama mzani peke yake, unamhurumia Ali. Lakini mtazame Oleksandr Usyk wa Ukraine: urefu wake ni kama wa Ali, na mwaka 2024 alimshinda Fury mara mbili kwa pointi. Kwa hiyo miguu myepesi na akili bado vinalipa. Ali yule wa miaka ya 60 alikuwa navyo, tena alizoea raundi 15. Leo ni 12.

Sasa swali letu: angetoka ulingoni na kichwa gani?

Ali alipigana mapambano 61 ya kulipwa, akapoteza 5 tu. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, aliambiwa ana dalili za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kuufanya mwili uwe mzito. Waliomwona akiwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996 wanaukumbuka ule mkono. Alifariki mwaka 2016. Tuseme ukweli: madaktari hawakubaliani wote kwamba ngumi ndizo zilizomletea ugonjwa ule. Lakini kwamba kupigwa kichwani mara kwa mara kunaharibu ubongo, hilo halina ubishi. Daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia wenye hali hiyo tangu mwaka 1928.

Chukua yai bichi ulitikise kwa nguvu. Ganda linabaki zima, ndani kumevurugika. Kichwa nacho kinaweza kuwa hivyo. Kofia ya mazoezi inasaidia ngozi isichanike, ila haiuzuii ubongo kutikisika mle ndani.

Ali kijana alipigwa kidogo, kwa sababu hakukaa mahali pamoja. Mwaka 1967 alikataa kwenda jeshini, akavuliwa ubingwa, akakaa nje miaka zaidi ya mitatu. Aliporudi mwaka 1970 miguu haikuwa ile. Akaanza kushinda kwa kuvumilia. Kinshasa mwaka 1974 aliegemea kamba, akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, akamwangusha raundi ya 8. Sote tunashangilia ile hadithi. Mimi kama nesi nahesabu zile ngumi. Hata mazoezini aliwaacha wenzake wampige ili azoee. Mwaka 1977, baada ya pambano na Earnie Shavers, daktari wake Ferdie Pacheco alitaka aache ngumi. Hakusikilizwa, akaondoka kwenye timu. Mwaka 1980, Ali akiwa na miaka 38, Larry Holmes alimpiga raundi 10 mpaka kocha Angelo Dundee akasema basi.

Je, zama hizi zingemlinda? Kiasi, ndiyo. Mwaka 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alifariki baada ya kuangushwa raundi ya 14. Ndipo WBC wakashusha raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12, na wengine wakafuata baadaye. Siku hizi sehemu nyingi bondia hupigwa picha ya ubongo kabla ya kupewa leseni, na akiangushwa hufungiwa kwa muda apone. Lakini sheria haiingii kwenye kila ukumbi wa mazoezi. Na haina dawa ya mtu anayesema "niko sawa" wakati hayuko sawa.

Kwa hiyo shujaa wangu kwenye habari zote hizi ni Eddie Futch, kocha wa Joe Frazier. Manila, mwaka 1975, kabla ya raundi ya mwisho, Frazier jicho limevimba haoni, lakini bado anataka kuendelea. Futch akakataa. Wakapoteza pambano lile. Kwangu mimi ule ni ushindi.

Mama, kwenye kona ya mwanao Futch ni wewe.

Sisemi umkataze michezo. Ali mwenyewe alianza ngumi akiwa na miaka 12, baiskeli yake ilipoibiwa na polisi mmoja wa Louisville akamwambia ajifunze kwanza kupigana. Mchezo unamtoa mtoto mtaani na kumpa nidhamu. Ila kabla hujamwacha pale, muulize kocha: watoto wanapigana kichwani tangu lini? Akipigwa akapata kizunguzungu, nani anamtoa? Anarudi baada ya siku ngapi? Kocha akicheka maswali hayo, mchukue mwanao mwondoke.

Mtoto akigongwa kichwa, iwe ngumi, mpira au kuanguka, halafu akachanganyikiwa, akaumwa kichwa au kusahau kilichotokea, siku hiyo harudi uwanjani hata akilia. Apumzike mpaka dalili ziishe na mtaalamu amwone. Akitapika tena na tena, akilala kiasi cha kutoamka vizuri, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, maumivu yakizidi, au damu au maji vikimtoka sikioni au puani, usisubiri asubuhi. Hospitali, sasa hivi.

Watakuambia unamdekeza. Waache waseme. Mkanda akiukosa leo, kesho upo. Kichwa anacho kimoja.

Mnaokaa na vijana wa ngumi au mpira, niambieni kwenye maoni: huko kwenu nani ana mamlaka ya kusema "basi, atoke"? Nitasoma yote.